Pai ya Kastadi na Hesabu ya Maji

Kabla pai ya matunda na kastadi haijaingia motoni, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Maziwa ya ng'ombe yana maji karibu asilimia 87. Yai likishatolewa ganda, robo tatu yake ni maji. Embe bivu linapita asilimia 80, na hata siagi, ambayo wengi huihesabu kuwa mafuta matupu, imebeba maji yapata asilimia 16. Kinachobaki kikavu ni unga na sukari, na unga wenyewe lazima upewe maji ndipo ushikane. Pai ikitoka imelowa chini, ina vishimo katikati na inachuruzika kila kisu kinapopita, mpishi hulaumu oveni, au mayai, au mtu aliyempa maelezo. Shangazi wa mwandishi wa makala haya, mama wa Tanga aliyeoka pai hii kwa miaka mingi juu ya jiko la mkaa, hakulaumu kimojawapo. Aliuliza tu: maji haya yametoka wapi, na yalipaswa kwenda wapi?

Mwandishi alilisikia swali hilo utotoni, wakati kazi yake jikoni ilikuwa kupepea makaa na kutwanga iliki. Hakulielewa. Miaka ilipopita, akawa na nyumba yake Dar es Salaam, jiko la gesi na oveni yenye kioo, ndipo alipoona kwamba kila jambo aliloamrishwa kufanya katika ua wa shangazi, mtaa wa Ngamiani mjini Tanga, lilikuwa jibu la swali hilohilo.

Namna pai ilivyofika Ngamiani inaelezeka. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, akiutoa Florida, na mashamba yake yakaenea kutoka Tanga mjini hadi Korogwe na kwingineko. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakachukua nchi, na katika nyumba za mameneja wa mashamba hayo wapishi walikuwa wanaume wa pwani na wa milimani, waliofundishwa kutengeneza supu, mikate, pudini na pai. Babu yake mwandishi alikuwa mmoja wao, upande wa Muheza. Alipima kwa kikombe cha bati na kwa jicho, wala hakuacha daftari. Alichoacha ni binti aliyekuwa akimtazama, ndiye shangazi. Mapishi ya nyumba ya meneja yalitaka tufaha za kopo na oveni ya chuma inayochomwa kuni. Nyumbani hakukuwa na hiyo oveni wala hayo makopo. Kulikuwa na maembe, ndizi, sufuria kubwa, mchanga na makaa. Binti akaoka kwa hivyo alivyokuwa navyo, na pai ikawa ya Tanga.

Katika kabati ya jikoni kwa shangazi palikuwa pia na kopo la unga wa kastadi, na kopo hilo lina asili inayopendeza kuijua. Mwaka 1837 mkemia wa Birmingham, Alfred Bird, alitafuta njia ya kumtengenezea mkewe Elizabeth kastadi isiyo na yai, kwa kuwa mayai yalimdhuru. Akatumia wanga wa mahindi badala yake. Miaka michache baadaye, mwaka 1843, alitengeneza pia hamira ya unga, ile tunayoiita bekingi pauda, kwa sababu hamira ya kawaida nayo ilimdhuru mke huyohuyo. Rangi ya njano ya kastadi ya Bird haitoki kwenye kiini cha yai. Hutoka kwenye mbegu za biksa, zao ambalo wakulima wa Kwale, kusini mwa Mombasa, hulilima hadi leo. Katika mwaka huohuo wa 1837, huko Belém, Lisbon, duka lililo karibu na monasteri ya Jerónimos lilianza kuuza vipai vidogo vya kastadi ya viini vya mayai, vilivyotokana na mapishi ya watawa ambao nyumba zao zilikuwa zimefungwa na serikali mwaka 1834. Njia mbili za kufanya maziwa yagande, yai na wanga, zikapata umaarufu kwa mkupuo mmoja. Shangazi alizijua zote mbili na alizichanganya. Mwandishi anaamini kuwa kwa jikoni zetu, zenye joto na matunda yenye maji mengi, huo mchanganyiko ndio bora.

Pai yenyewe haina vitu vingi. Kwa chombo cha kuokea chenye upana wa sentimita 23, ganda hutaka gramu 200 za unga wa ngano, gramu 100 za siagi, chumvi kidogo, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, na maji baridi vijiko vitatu au vinne vya chakula. Kastadi hutaka maziwa mililita 300, mayai matatu, sukari gramu 80, kijiko kimoja cha chakula cha wanga wa mahindi, ule unaouzwa dukani kwa jina la konflawa, na punje chache za iliki. Matunda yaliyokwisha menywa na kukatwa ni gramu 350 hivi. Hakuna kisichopatikana katika soko la Mgandini, Tanga, au katika duka la mtaani.

Ganda ndipo watu waliozoea chapati hupotea, kwa kuwa mikono yao imefunzwa kinyume. Unga wa ngano una protini ambazo zikikutana na maji na kukandwa hushikana na kufanya nyuzi zinazovutika, yaani gluteni. Chapati inazitaka nyuzi hizo; ndizo zinazoiwezesha kusukumwa ikawa pana na bado isichanike. Pai haizitaki.

"Shangazi, mbona huukandi?" mwandishi aliuliza siku moja, akiona donge limekusanywa tu likaachwa na mipasuko.

"Hii si chapati, mwanangu. Ukiukanda, utaing'ang'ania na meno."

Alichokuwa akifanya kabla ya hapo ndicho kilichokuwa na uzito. Aliufikicha unga na siagi kwa ncha za vidole mpaka ukawa chengachenga, bila tone la maji. Mafuta yakishazizunguka chembe za unga, maji yanayofuata hayapati njia ya kuzifikia zote, na nyuzi zinakuwa chache na fupi. Ndiyo maana maji huja mwisho, kijiko kimoja baada ya kingine, na hukomea pale donge linaposhikana likibanwa ngumini. Mara nyingine alitumia nusu siagi na nusu samli. Samli karibu haina maji kabisa, kwa hiyo ganda lake huvunjika kwa wepesi zaidi, ila hutaka uangalifu katika kusukumwa kwa sababu hukatika.

Siagi inayoyeyuka kabla ya kufika motoni huharibu kazi hiyo yote, na Tanga ina joto. Shangazi alifanya donge alfajiri, baada ya sala, na maji aliyotumia aliyachota kwenye mtungi. Mtungi wa udongo hupoza kwa sababu maji hupenya polepole kwenye kuta zake na kukauka kwa nje, na kule kukauka huchukua joto. Baadaye donge lilifunikwa kwa kitambaa na kupumzishwa nusu saa au zaidi, ili maji yasambae sawasawa na nyuzi chache zilizokuwepo zilegee, la sivyo ganda husinyaa na kuteremka kwenye kuta za chombo likipata moto. Leo mwandishi hutumia friji kwa kazi ya mtungi na matokeo ni yaleyale.

Kisha ganda huokwa tupu. Hatua hii huchosha na ndiyo watu wengi wanaoiruka, na mwandishi anaona hakuna hatua ya kuitetea kuliko hii. Kastadi ni maji yaliyochanganywa na protini na sukari; ukiimwaga juu ya unga mbichi, unga utayanywa kabla haujapata nafasi ya kuiva, na hakuna moto wa baadaye utakaoukausha. Shangazi alilisukuma donge kwa mti wa chapati, akalilaza kwenye chombo, akalitoboatoboa kwa uma, akatandika juu yake jani la mgomba lililopitishwa motoni mpaka likalainika, kisha akajaza maharagwe makavu. Uzito wa maharagwe hulizuia ganda lisivimbe katikati. Baada ya robo saa hivi alitoa jani na maharagwe, akapaka ute wa yai kwa kidole, akarudisha ganda motoni kwa dakika tano au zaidi mpaka likaanza kuwa na rangi. Ute ule ukiiva huziba matundu ya uma na kuweka ukuta mwembamba kati ya ganda na kastadi. Maharagwe yalirudi kwenye kopo lake kungoja pai ijayo. Hayafai tena kupikwa, lakini kwa kazi hii hudumu miaka.

Matunda yana mambo mengi zaidi, kwa sababu kila tunda lina maji yake na tabia yake. Basi la kutoka Lushoto lilipokuwa likisimama Mombo, wachuuzi walikuja madirishani na ndoo za plamu, peasi na tufaha kutoka milima ya Usambara, na yeyote wa nyumbani aliyekuwa safarini alijua atakaporudi ataulizwa ameleta nini. Peasi na tufaha ni matunda matulivu. Hukatwa vipande vyembamba, hupikwa kidogo katika siagi na sukari mpaka vilainike, na maji yake mengi huondoka na mvuke palepale kwenye kikaango. Plamu hazina utulivu huo. Zikikatwa na kutiwa sukari, baada ya nusu saa bakuli hujaa maji mekundu, kwa kuwa sukari huyavuta maji kutoka ndani ya tunda. Mtu anaweza kuona huo kuwa uharibifu. Shangazi aliuona kuwa msaada, maana maji yaliyokwisha kutoka kwenye bakuli hayatatoka tena ndani ya pai. Aliyachuja, akayachemsha mpaka yakawa mazito, akayaweka pembeni ya kupaka juu pai ikishaiva. Ladha haikupotea hata chembe. Chini ya plamu, juu ya ganda, alinyunyiza unga wa mkate mkavu uliosagwa ili unywe kitakachobaki.

Maembe huchaguliwa kwa nyuzi na kwa ukomavu. Dodo na bolibo zina nyama nene isiyo na nyuzi nyingi, na linalofaa ni lile lililoiva lakini bado gumu kidogo mkononi. Embe lililolainika kabisa ni tamu kulila, ila kwenye pai hugeuka rojo. Ndizi mbivu ni tunda rahisi kuliko yote: maji yake ni machache kuliko ya matunda mengine haya. Familia isiyokuwa na muda wa kuhangaika ianze na ndizi.

Nanasi ni habari nyingine. Wapishi wa pwani hupaka nyama papai bichi kabla ya kuchoma mishikaki, na wanajua kwamba ikikaa muda mrefu mno nyama hulegea mpaka ikapoteza umbo. Papai bichi lina kimeng'enya kinachokatakata protini. Nanasi bichi linacho chake, chenye kazi ileile, na kastadi inashikwa na protini za yai na maziwa. Mwandishi aliwahi kulijaribu jambo hili kwa makusudi, kwa kuweka kastadi iliyopoa katika bakuli mbili, moja ikapata vipande vya nanasi bichi na nyingine vipande vilivyochemshwa kwanza na sukari. Ya nanasi lililochemshwa ilibaki kama ilivyokuwa. Ya nanasi bichi ilianza kulegea pembezoni mwa vipande na ikapata uchungu ulimini, uchungu wa maziwa yaliyovunjwavunjwa. Moto hukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo nanasi lililochemka dakika kadhaa, au la kopo ambalo lilikwisha kupashwa moto kiwandani, halina madhara. Shangazi hakulijua jina la kimeng'enya. Alisema tu kwamba nanasi bichi na maziwa havikai nyumba moja, na hakuwahi kutia nanasi ambalo halijapita jikoni.

Sasa kastadi. Maziwa aliyoyapenda ni yale ya ng'ombe wa jirani, yenye mafuta yake yote, yaliyochemshwa na kuachwa yapoe kidogo. Ya Tanga Fresh yasiyopunguzwa mafuta hufanya kazi hiyo vizuri kwa anayenunua dukani. Iliki ilitoka milima ya Amani, ikitwangwa wakati uleule kwa sababu iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu yake upesi. Mayai hupigwa na sukari na wanga kwa uma, si kwa nguvu, maana povu likiingia motoni huacha vishimo. Maziwa ya vuguvugu humiminwa kidogokidogo huku mkono ukikoroga, kisha mchanganyiko wote hupitishwa kwenye chujio. Hapa haraka haifai. Maziwa ya moto yakimwagwa kwa mara moja juu ya yai, yai huiva kabla halijachanganyika, na chujio hubaki na mabonge.

Sababu iko kwenye joto. Ute wa yai huanza kushikana karibu na nyuzi 63 za Selsiasi, na kiini nyuzi chache juu yake. Yai lililochanganywa na maziwa na sukari huchelewa zaidi, kwa kuwa protini zake zimetawanywa mbali na sukari huzichelewesha kukunjuka. Kastadi huganda karibu na nyuzi 80. Kutoka hapo hadi kuharibika si mbali. Ikipita 85 na kuendelea, protini hukazana, hujikunja, na kuyasukuma nje maji ziliyokuwa zimeyashika. Watu wa pwani husema imekatika, kama wasemavyo juu ya maziwa au tui. Yale maji yanayoonekana juu ya pai iliyokaa sana motoni hayakuingia kutoka mahali pengine. Ni ya maziwa yenyewe, yaliyofukuzwa.

Wanga hupanua ile nafasi nyembamba. Chembe zake hunywa maji zikavimba, nazo hukaa katikati ya protini zikizizuia zisikazane upesi. Kijiko kimoja kinatosha. Zaidi ya hapo kastadi hupoteza ule utelezi wake na kuwa uji. Kwa wale wapendao kastadi ya kupikwa sufuriani, ambayo humiminwa kwenye ganda lililokwisha kuiva na kupambwa kwa matunda mabichi juu, kuna jambo jingine la kuangalia. Kiini cha yai kina kimeng'enya kinachovunja wanga. Kastadi yenye viini na wanga ikiondolewa jikoni mara tu inapokuwa nzito, kabla haijatokota, huonekana imekamilika, kisha baada ya saa chache hulegea. Iachwe itokote kwa muda mfupi, ikikorogwa bila kusita, na wanga ukiwemo haitakatika.

Anayetaka pai isiyo na maziwa ya ng'ombe atumie tui zito la nazi. Kila mpishi wa pwani anajua tui lisilokorogwa hukatika likichemka, kwa hiyo mkono wake tayari umefundishwa. Mafuta ya nazi hufanya kastadi hiyo iwe nzito na yenye harufu inayopatana sana na embe. Mwandishi anaipenda kuliko ya maziwa.

Kuhusu moto, ua ule wa Ngamiani ulikuwa na elimu ambayo haikustahili kuitwa uhaba. Watu hudhani aliyeoka kwa makaa alifanya hivyo kwa kukosa oveni, kana kwamba alikuwa akisubiri kifaa cha kweli. Kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko na mengine chini ya chungu au sufuria, ni ufundi wa siku nyingi wa pwani. Pilau hukaushwa hivyo, na mkate wa kumimina huivishwa hivyo. Unampa mpishi kitu ambacho oveni nyingi za nyumbani hazikitoi, nacho ni uwezo wa kuupangia moto wa juu na wa chini kila mmoja peke yake.

Shangazi alitandika mchanga chini ya sufuria kubwa, akaipasha moto, akajua joto lake kwa kunyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati kilichokaa juu ya mchanga na kuangalia unavyobadilika rangi. Wakati wa kuoka ganda tupu makaa yalikuwa mengi chini na juu, kwa kuwa ganda linataka joto kali litakaloukausha unga kabla siagi haijakimbia. Mwenye oveni aweke nyuzi 200 na ashushe chombo kwenye ngazi ya chini. Kastadi ilipokwisha kumiminwa, mambo yaligeuka. Makaa mengi ya chini yalichotwa kwa koleo, ya juu yakapunguzwa na kutandazwa pembezoni mwa mfuniko ili katikati pasiungue. Mchanga uliendelea kutoa joto la polepole. Kwenye oveni hiyo ni nyuzi 160 hadi 170, dakika 35 hadi 40, na macho yaanze kuangalia mapema zaidi ya hapo, kwa sababu vibao vya joto kwenye oveni za nyumbani mara nyingi hudanganya. Kipimajoto kidogo cha kuweka ndani ya oveni ni fedha iliyotumika vizuri.

Kastadi huitwa imeiva kabla haijaonekana imeiva. Pembeni iwe imesimama, na katikati, kwa upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa, pawe bado panatikisika chombo kikiguswa. Joto lililobaki humalizia kazi nje ya moto. Jirani aliyekuwa akija kujifunza alizoea kuchoma kisu katikati na kungoja kitoke kikavu, kama afanyavyo kwenye keki, na pai yake ilitoka imepita. Shangazi alimwambia, kwa upole wa mtu anayemheshimu, "Mama, tikisa tu. Kisu mpe wa keki." Tangu siku hiyo walioka pamoja, kila mmoja akija na makaa yake.

Baada ya hapo kilichobaki ni kungoja, na mtoto aliyepepea makaa tangu asubuhi hakuna adhabu aliyoiona kubwa kuliko hiyo. Pai ya kastadi ikikatwa ya moto hutiririka, hata iwe imeokwa kwa ustadi wote, kwa kuwa wanga na protini hushika maji kwa uthabiti zaidi zinapopoa. Saa mbili ni chache. Tatu ni nzuri. Wala haifunikwi kwa sahani au karatasi ya plastiki ikiwa bado na mvuke, maana mvuke huo hugeuka matone na kurudi juu ya kastadi. Kwa shangazi ilifunikwa kwa kawa la ukindu. Ukindu uliosukwa huzuia nzi na kuachia mvuke upite. Mwandishi ametafuta mfuniko wa dukani unaofanya kazi zote mbili sawasawa na kawa, asiupate, na kawa lake la sasa lilisukwa Pemba.

Ikishapoa isikae mezani kwa saa nyingi. Maziwa na mayai katika joto la pwani huharibika upesi, kwa hiyo kisicholiwa kiende kwenye friji mapema. Zamani, kabla friji haijafika nyumba ile, suluhisho lilikuwa kuigawa yote siku hiyohiyo: kipande kwa jirani wa kulia, kipande kwa wa kushoto, kipande kwa mwalimu wa madrasa, na mtoto ndiye aliyetumwa na sahani zilizofunikwa kwa leso. Mwezi wa Ramadhani, ambapo sahani huvuka nyua kila jioni, pai ziliokwa mbili kwa pamoja na bado hazikubaki.

Kwa anayeanza, miezi ya mwisho wa mwaka ndiyo yenye neema, maembe yanapojaa na plamu za Usambara zinapoanza kushuka. Katikati ya mwaka kuna ndizi, na nanasi lililochemshwa. Pai iliyolala kwenye friji huliwa bila shida siku ya pili, lakini ganda lake litakuwa limeanza kunywa maji ya kastadi licha ya ute wa yai na unga wa mkate. Anayetaka ganda linalovunjika mdomoni aile siku ileile iliyookwa, jioni, na chai isiyo na sukari nyingi.